Wiki ya Chumba cha Uani

...au wiki ya pili ya mwezi ujao, kama anavyotaka msimamizi, kwa sababu Jumatatu hii kuna kaptura za shule elfu moja na mia mbili zinasubiri meza, na kaptura hazijikati zenyewe, hilo Makasi alilijua kuliko msimamizi, ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Makasi hadi jina lake la kuzaliwa likashika kutu, mkata vitambaa kwa miaka kumi na tisa, asiyefundishwa na mtu, aliyejifunza kwa kufumua suruali kuukuu na kuzitandaza sakafuni aone zilivyoungana, na sasa amekaa kwenye benchi la ofisi ya utumishi, fomu ya likizo juu ya goti, mkononi kalamu ya kuazima iliyofungwa uzi ili isitembee, na karani, yule wanayemwita Mama Muhuri kwa kuwa hakuna karatasi inayotoka mle ndani bila kugongwa, anamuuliza kwa mara ya pili, "Wiki gani, Makasi? Ya Jumatatu hii au ya mwezi ujao?", na redio juu ya kabati la mafaili inasema kilomita thelathini na nane.

Thelathini na nane. Jumatatu asubuhi zilikuwa hamsini, alizisikia akinyoa ndevu, mapigano yako kilomita hamsini kutoka mji wa daraja, akasuuza wembe akaendelea na shavu la pili, na leo ni Alhamisi, na mtu wa vipimo ana ugonjwa wake, namba ikimwingia sikioni haitoki mpaka ifanyiwe kazi, hamsini toa thelathini na nane, kumi na mbili, gawa kwa siku tatu, nne, nne kwa siku, kama mtu anayetembea huku akisimama kusalimia watu... hakuyaomba mahesabu hayo, yamejikata yenyewe. "Nasoma kwanza, mama," akasema. "Unasoma nini? Fomu ni hiyohiyo tangu kabla sijaajiriwa, hata makosa ya chapa hayajabadilika." Ni kweli, kwenye kichwa cha fomu neno likizo lilikosa herufi moja na hakuna aliyewahi kuirudisha. "Haya, soma, mimi mwenyewe muhuri umenikaukia," na Mama Muhuri akafungua pedi ya wino, akaitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyoungua, akainuka kutafuta maji.

Sababu ya likizo alishaijaza, dakika ileile aliyoketi, kwa herufi kubwa, KUPAKA RANGI CHUMBA CHA UANI, na Mama Muhuri aliposoma kwa kuchungulia alicheka mpaka miwani ikateleza, "Makasi wewe, wenzako huandika mambo ya kifamilia, basi, yanatosha, wewe unaniandikia rangi!" Akamjibu kuwa ndicho anachokwenda kufanya, aandike nini tena, kama angekuwa anakwenda kulala siku saba angeandika kulala. Hivyo ndivyo alivyo na hakuona aibu. Neno moja, maana moja, mchana kweupe. Kuna watu ukiwauliza kama shati limewakaa wanasema si baya, si baya maana yake nini, limekaa au halikukaa? Yeye mteja akimuuliza kama amenenepa humwambia sentimita ngapi.

Basi wiki yenyewe aliipanga hivi, na aliipanga tangu mvua za mwaka jana, siku dari la chumba cha uani lilipoota doa la rangi ya chai ambalo kila wiki lilijiongeza pembeni. Siku ya kwanza kutoa vitu, majarida ya mitindo yaliyofungwa kwa kamba, cherehani la marehemu mama lisilo na mkanda, baiskeli ya mguu mmoja, ndivyo shangazi anavyoiita kwa sababu imebaki gurudumu moja. Siku ya pili kukwangua, kuziba nyufa, msasa. Siku ya tatu mkono wa kwanza wa rangi. Siku ya nne acha ikauke, maana mwenye haraka hupaka mara tatu. Siku ya tano mkono wa pili, na ngazi ya jirani irudishwe siku hiyohiyo, jirani yule ngazi yake ikilala nje huja kuiulizia hali kama mgonjwa. Halafu siku mbili za kukaa mlangoni na kikombe cha chai akitazama chumba cheupe kisicho na kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa ladha yenyewe ya likizo. Kutazama. Rangi ya mafuta, ya kung'aa, ile ambayo ukipitisha kitambaa kibichi uchafu unatoka... "...wakazi wengi wameanza kuondoka kwa miguu, huku wengine wakisema hawana pa kwenda..." ilisema redio, kwa sauti ileile inayosoma hali ya hewa, sauti safi, iliyopigwa pasi, Makasi alimstahi msomaji yule kwa sababu hakutia huruma ya bandia, alisema lilivyo. Hawana pa kwenda. Ikaja mada ya bei ya simenti.

Wala si vita vyake. Hilo alilisema mara ngapi mezani kwenye chai, wanaume wa pasi na wanawake wa vifungo wakibishana nani kaanza na nani kachokozwa, kila mtu amekuwa jenerali na andazi mkononi, yeye huvuta kikombe chake akasema, jamani, vita vya watu, hamuwajui, hamjawahi hata kupita, kuleni. Wakarudi kwenye maandazi yao, kwa sababu Makasi akipandisha sauti hata mashine zinasikiliza. Hakuwaambia kuwa anamjua mtu mjini huko. Hawakuuliza. Angeulizwa angejibu, hajawahi kusema uongo, angesema ndiyo, mdogo wangu wa tumbo moja anaishi huko, mtaa wa nyuma ya tangi la maji, ana mtoto wa kike wa miaka sita ambaye sijamwona. Lakini hawakuuliza, na asiyeulizwa hajibu, hiyo nayo ni haki... au ni ujanja. Kalamu iliacha nukta ya wino kwenye pembe ya fomu. Akaitazama. Si yake, hakuwa mtu wa nukta.

Kifungo. Jina hilo lilimpata mdogo wake akiwa na miaka mitatu, alipomeza kifungo cha koti la baba, kifungo kikubwa cha matundu manne, nyumba nzima ikakaa siku mbili ikingoja kitoke, na baba, ambaye alikuwa na mzaha mkavu, kila asubuhi akiuliza, je, koti langu limepona? Kilitoka. Mama alikiosha akakishona palepale kwenye koti, na baba akalivaa koti lile mpaka kufa, na Kifungo akabaki Kifungo, hata walimu waliacha kuhangaika na jina la kwenye cheti. Makasi alimzidi miaka kumi na moja, kaka na nusu baba, na baba alipoondoka akawa baba na robo. Nguo zake zote alimshonea yeye. Na nguo ya mtoto, anayeijua kazi anajua, haikatwi kwa kimo cha leo, unamwachia upindo, vidole vinne, vitano, unaukunja ndani pale chini, mtoto akirefuka unafumua upindo gauni linashuka naye, msimamizi hupiga kelele kuwa upindo mpana unakula kitambaa na Makasi humwambia na wewe ulikulia ndani ya upindo wa mtu. Magauni ya Kifungo yalikuwa na mistari chini kama kuta zilizofikiwa na maji, kila mstari mwaka.

Isipokuwa lile moja. Sasa hilo hakulitaka, aliligeuzia kichwa upande wa ukuta, kwenye chati ya likizo ya Mama Muhuri, pini nyekundu za walioondoka, pini za kijani za watakaoondoka, na pini zenyewe ndizo zilizomrudisha. Pini. Zilikuwa mdomoni mwake siku ile, saba au nane, Kifungo amesimama juu ya kigoda katika gauni la harusi, chumba hichohicho cha uani ambacho wakati ule kilikuwa chumba chake Kifungo, harusi kesho, yeye amepiga magoti anakunja upindo, nusu umeshakamatwa kwa pini, nusu bado unaburuta, na Kifungo akauliza kwa juu, kwa ile sauti ya kurithi, "Kaka, hivi kutoka huko mpaka hapa ni mbali sana, eti?" Yeye akazitoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka kiganjani, kwa sababu jambo alilokuwa nalo hakutaka lisemwe na mdomo uliojaa. Akasema mimi sijui kupamba maneno. Huyo bwana simkatai kwa ubaya, lakini ni mtu wa kushika mabomba, anakupeleka mji ambao humjui hata muuza chumvi, na watu wa huko hawapatani tangu babu zao, na mimi nakwambia leo usije ukasema hukuambiwa, yakikushinda huko, usinirudie na machozi. Basi. Kweli tupu. Kifungo alishuka kwenye kigoda. Hakulia, alishuka tu, akaenda zake, na kesho yake aliolewa upindo wa gauni ukiwa nusu pini nusu kuburuta, wageni hawakuona, yeye aliona, fundi huona, kila alipopiga hatua pini ziling'aa chini kama meno. Miaka tisa. Sijui alizitoa nani. Sijui kama zilimchoma.

"Maji ya bomba yanafaa au nitie spiriti?" aliuliza Mama Muhuri kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Matone mawili matatu tu, mama, ukizidisha utapiga doa." "Unajua na mihuri?" "Najua wino." Akakaa, akaanza kudondosha kwa kidole, tone, tone, akipuliza katikati kama anayepoza uji.

Na huyo mtu wa kushika mabomba, haya, tuseme na hilo, hajatoroka. Ni fundi wa pampu za maji wa mji mzima. Shangazi alieleza wiki iliyopita kwenye simu kuwa wenzake wanne wameondoka amebaki yeye na mzee mmoja wa zamu, analala palepale kwenye pampu, anasema akiondoka mji utakauka kwa siku mbili, na Makasi aliyasikiliza yale akiwa amesimama na tangu alipoyasikia hajapata pa kuyaweka. Angekuwa mtu wa maneno mengi, shemeji yule, angemdharau kwa raha. Lakini mtu asiyeacha meza yake kazi haijaisha... Makasi alimjua mtu wa namna hiyo, alimnyoa kila asubuhi.

Simu ya shangazi ndiyo hasa ilikuwa ikimkwaruza, na alikuwa hajajua kama ndiyo. Juzi, Jumanne, saa za chakula. Shangazi ndiye daraja, miaka tisa salamu zote zimepita kwake kama barua za kituo, mdogo wako anakusalimu, mwambie na mimi, mdogo wako kajifungua, mwambie hongera, mtoto kifua kinambana kila vumbi likitimka, mwambie amwekee maji ya moto. Na Jumanne shangazi alizungumza habari za goti lake, na habari za kuku wake, halafu akasema, polepole, kama anayevuta uzi kwenye sindano, "Eh, mwanangu, mdogo wako kaulizia kile chumba cha uani, kama bado kitupu." Na yeye akajibu. Alijibu haraka, kwa moyo mweupe, kwa sababu ni swali na lina jibu. Akasema, "Kitupu, shangazi, ila nataka kukipaka rangi mwezi ujao, naombea likizo." Shangazi akasema, "Haya." Akakata simu.

Haya.

Haya ya nini? Shangazi hakati simu bila kumaliza kuku wote. Makasi aliishika kalamu vizuri, kana kwamba ni kalamu ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Kaulizia chumba kama bado kitupu. Sasa mtu aliye mbali siku mbili kwa basi, mwenye mizinga nyuma ya dirisha, chumba cha uani cha kakaye kinamhusu nini, kijae, kitupu, kimeota uyoga... na hapo ndipo alipomsikia mama yao. Siyo mzimu, hakuwa mtu wa mizimu, alimsikia kama unavyosikia mashine uliyozoea, mama yao ambaye maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu kwa jina lake. Akitaka maji alisema leo jua limekusudia. Akitaka umsindikize aliuliza hivi ile njia ya kisimani siku hizi ina mbwa? Akitaka kusamehewa alikuuliza kama umekula. Nyumba nzima iliongea kwa kuzunguka hivyo, baba, shangazi, wote, na Kifungo ndiye aliyerithi vizuri kuliko wote, kaka, hivi kutoka huko mpaka hapa ni mbali sana, eti? Hakuwa akiuliza mbali! Mtu wa miaka kumi na tisa hajui mbali? Alikuwa akisema niambie nitarudi. Niambie mlango upo. Na yeye, mmoja tu katika ukoo mzima aliyejifanya mtu wa kweli tupu, aliyesema nyie mnapoteza muda wa watu, semeni mnachotaka, mficha uchi hazai, yeye akampimia mbali akamfungia mlango. Na Jumanne tena. Miaka tisa baadaye mwanamke ameuza kiburi chake chote, amekiweka kwenye swali moja dogo akampa shangazi alibebe, kama bado kitupu, na kaka akajibu rangi.

Ala.

Hasira ilimpanda, na kwa mazoea ikaanza kutafuta pa kutua, itue kwa shangazi, kwa nini asiseme, mdomo si anao, kuku wanasemwa mpaka majina yao, jambo la mtu na roho yake linasemwa kwa haya! itue kwa Kifungo, naye, si angepiga simu yeye mwenyewe, si angesema kaka nakuja... angesemaje? Usinirudie na machozi. Nani kasema? Na kutoka mji ule sasa hivi mtu anatokaje bila machozi, amekaushwa na nani, ayaache kwa nani mlangoni ndio aingie? Hasira ikazunguka ofisi nzima, ikapita kwa Mama Muhuri asiye na kosa, ikapita kwa msomaji wa redio, ikarudi benchini ikamkalia mwenyewe. Haikuwa nzito kama alivyodhani. Ilikuwa baridi tu, kama makasi yaliyolala nje.

Haya, tuhesabu. Nne kwa siku. Thelathini na nane gawa kwa nne, siku tisa na nusu, Jumamosi ya wiki ijayo au Jumapili. Basi la kutoka huko, shangazi alisema katikati ya goti na kuku, na sasa ndiyo aliona hata hilo halikuwa la bure, basi siku hizi ni moja tu kwa wiki, la Jumanne, zamani yalikuwa kila siku. Jumanne hii ijayo liko. Jumanne ya pili ni siku ya kumi na mbili, halipo, au lipo halina barabara. Na wiki ya pili ya mwezi ujao... aliitafuta kwenye chati, akahesabu kwa macho vijisanduku, siku ishirini na tano mpaka aanze kukwangua. Baada ya siku ishirini na tano angekuwa anapaka chumba cheupe, cha kung'aa, kitupu kabisa, halafu akae mlangoni na chai yake akitazama. Alikiona. Kilikuwa kizuri, kimenyooka, bila doa, na kwa mara ya kwanza kilimtisha.

Na kama Jumanne linatoka, Alhamisi linafika. Jumatatu kutoa vitu na kukwangua kwa pamoja, usiku si upo. Jumanne nyufa na mkono wa kwanza. Jumatano mkono wa pili. Alhamisi... hapana, rangi ya mafuta haikauki hivyo, inanuka wiki mbili, inakwenda kukaa kooni, na mtoto kifua kinambana hata kwa vumbi. Rangi ya maji basi. Haing'ai, haifutiki, mtoto atachora ukutani na penseli na hakitatoka kitu ukipangusa, sawa, achore. Rangi ya maji inakauka kwa saa mbili na hainuki. Rangi ya maji, na dari lile doa apige kipande cha ubao, na godoro, godoro moja kubwa au mawili, Kifungo alikuwa analala kama mwanasesere aliyetupwa, mawili. Cherehani la mama libaki humohumo, lisitolewe. Litafutiwe mkanda. Na kaptura? Kaptura elfu moja na mia mbili. Aliyetaka kumkata msimamizi maneno alikuwa tayari ndani ya kifua chake, lakini akakumbuka kijana wa meza ya pili ana mkono, ana mkono mzuri kwa kweli, hajawahi kumwambia, akichorewa mfano anafuata. Atamchorea leo jioni. Atamwambia. Na upindo usipunguzwe.

Akatoa simu. Namba aliipata kwa shangazi mwaka wa tatu wa ule ukimya, hakuiomba, ililetwa, na siku ile kwa hasira aliihifadhi kwa jina la USIPIGE, ili mkono usije ukajisahau. USIPIGE. Kati ya muuza uzi na yule wa vifungo vya jumla, ipo palepale, haijawahi kuguswa. Akaigusa. Iliita mara moja, ikaingia sauti ya mwanamke wa mashine, namba unayopiga haipatikani kwa sasa, safi, imepigwa pasi, bila huruma ya bandia. Sawa. Aandike basi. Kidole gumba cha fundi ni kinene, kilibonya kando, akaandika, Kifungo, chumba ni kitupu, akafuta, hilo ameshalisema na ndilo lililoharibu. Akaandika, njoo. Akalitazama. Neno moja, maana moja, lakini lilikuwa kama gauni la kimo cha leo, halikuwa na pa kushukia, mtu atalisoma atauliza njoo vipi, njoo mpaka lini, na lile la siku ile je? Kwa miaka tisa ameamini kuwa maneno yake ni imara kwa sababu hayana kilichokunjwa ndani. Kumbe mkata nguo za watoto, na maneno yake yote ameyakata bila upindo.

Akaandika, polepole, na midomo ikimcheza, Kifungo, basi ni la Jumanne, panda wewe na mtoto, na mumeo akimaliza pampu zake na yeye, nilisema usirudi na machozi nilikosea, njoo nayo. Hivi umekula? Akasoma tena. Lile swali la mwisho hakulipanga. Aliliacha. Akatuma, na ujumbe ukakaa pale na alama moja ya kijivu, haujafika, unasubiri mtandao wa huko, unasubiri pengine umeme, pengine mnara, pengine mtu wa kushika simu, akaitazama alama ile kama anavyotazama uzi kama utakatika. Moja. Moja bado. Na shangazi atampigia akitoka hapa, amsikilize kuku wote, halafu amwambie neno liwe na milango yote wazi, mwambie aje.

"Makasi." Alisikia, lakini redio nayo ilikuwa imefika kwenye mpira. "Makasi, baba, mimi nina watu nje. Wiki gani?" "Jumatatu hii." "Msimamizi kasema..." "Msimamizi nitamwambia mwenyewe." "Kwa upole?" alisema Mama Muhuri, akiinua macho juu ya miwani, na Makasi akafikiri, akafikiri kweli, akasema, "Nitamuuliza kwanza kama amekula." Mama Muhuri hakuelewa ila alicheka, akachomoa pini ya kijani, akaikita kwenye kisanduku cha Jumatatu, akanyoosha mkono kuchukua fomu, "Bado hujamaliza, chini hapo, ndugu wa karibu wa kujulishwa, huwa unamwandika shangazi, mwandike tuondoke."

Akainama. Ndugu wa karibu wa kujulishwa, jina kamili. Ilimbidi afikirie kidogo, kwa sababu lile la kwenye cheti halikuwahi kutumika, lilikaa kama kitambaa kizuri kabatini, akaliandika lote, majina matatu, kwa herufi kubwa, likajaza nafasi yote mpaka ukingoni. Uhusiano, mdogo wangu. Anuani ya ndugu wa karibu. Hapo kalamu ilisimama. Kulikuwa na anuani ya kweli, aliijua, mji wa daraja, mtaa wa nyuma ya tangi la maji, nusu yake ilisomwa redioni sasa hivi, na yeye ni mtu asiyeandika kitu ambacho hakijawa. Simu juu ya goti, alama moja ya kijivu. Mama Muhuri alijaribu muhuri kwenye karatasi chakavu, ukatoka nusu, wa juu upo wa chini haupo, akaguna, akadondosha tone jingine. Makasi akaandika.

"Hii nini?" alisema Mama Muhuri akiivuta fomu, akaisogeza mbali na macho kisha karibu. "Anuani ya ndugu, umeandika kama ya hapo juu. Ya hapo juu si ya kwako? Kwani mnakaa pamoja?"

"Gonga tu, mama."

"Haujakolea bado," akasema, akapuliza pedi.